Pilipili ya Naa Korkoi

Mwezi mzima ambao mji wa Teshie ulikatazwa kupiga ngoma, Odarley alilala vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, kwa sababu aliweza kuisikia pampu yake. Ilikuwa pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo, imezamishwa ndani ya pipa la buluu chini ya dirisha lake. Kazi yake ilikuwa kupandisha maji kwenye mabomba ya plastiki yaliyolazwa juu ya fremu ya mbao, na kwenye matundu ya mabomba hayo ilikaa miche ya pilipili, kila mmoja na kikombe chake cha makumbi ya nazi, mizizi ikining'inia ndani. Maji yalipanda, yakaipitia mizizi, yakarudi pipani, yakapanda tena, usiku na mchana. Miungu ya mji ilitaka ukimya ili mtama uote, makanisa yalinuna yakazima vipaza sauti, na Odarley, mkandaji wa miaka mingi wa kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, asiyejua kupumzika, alikuwa akijilaza na kuisikiliza pampu ikikoroma kama paka aliyeshiba.

Kisha marufuku ikaondolewa, ngoma zikalia, Homowo, sikukuu ya mavuno, ikaingia na wageni wake, na hakuna aliyesikia kitu kingine tena.

Jumapili, siku ya pili ya sikukuu, aliamshwa na vilio. Ni desturi: alfajiri hiyo kila nyumba huwalilia waliokufa ndani ya mwaka, halafu watu hunawa nyuso na kuanza kutembeleana wakitakiana uhai. Odarley alijifunga kitenge, akafungua mlango wa uani ili atupie macho pilipili zake kabla ya kuwasha moto. Zote zilikuwa zimelala. Hakusalimika hata mche mmoja. Majani yaliyokuwa yamesimama jana asubuhi sasa yalining'inia kama nguo mbichi kwenye kamba.

"Awo!" alipiga kelele. Mama!

Mtu mzima akishikwa na hofu humwita mama yake, hata kama mama mwenyewe ndiye anayeogopewa. Awo Amanua alikuwa chumbani, amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na asingeweza kuitika. Tangu kiharusi kilipompiga wakati wa harmatani, ule upepo wa vumbi wa kiangazi, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na ulimi pia. Kilichobaki hai ni jicho, mkono wa kushoto na ukaidi. Alikataa uji, akakataa supu, akakataa samaki aliyechambuliwa miiba mpaka akawa unga. Alifunga midomo ikawa mstari. Nesi wa zahanati alisema akiendelea hivyo atalishwa kwa mpira wa puani, na Odarley alikwenda nyuma ya choo akalia mpaka akatapika.

Kilichomfungua mdomo mama ni pilipili. Siku moja Odarley, kwa kukata tamaa tu, alimsagia kpakpo shito moja kati ya chache zilizokuwa zimebaki kwenye mche mmoja mzee kando ya ukuta, akachovya tonge la kenkey, na Awo Amanua akaachama kama kinda la ndege. Haikuwa pilipili yoyote ile. Sokoni kpakpo shito zipo vikapu kwa vikapu, ndogo, za kijani mpauko, na Odarley alizinunua akajaribu kumdanganya. Mama alizitema zote kwenye kifua cha blauzi ya binti yake. Aliyoitaka ilikuwa ya Naa Korkoi, mama yake yeye, ambaye alikuwa na shamba nyuma ya mji na hakumwozesha binti bila kumfungia mbegu kwenye ncha ya kitambaa. Shamba lile sasa ni kuta, mageti na mbwa wa watu. Ile harufu iliyokuwa ikivuka uani ikaamsha waliolala, haikuwa imebaki mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye mche ule, na mche wenyewe ulikuwa unakufa kwa mnyauko.

Udongo wa uani pale ulikuwa mgonjwa. Alichukua mbegu za zile chache zilizobaki, akapanda, ikanyauka. Alinunua udongo wa gunia, akajaza ndoo, ikanyauka vilevile. Basi akaanza kutazama kwenye simu watu wanaolima bila udongo, akauliza mafundi bomba, akaunguza pampu moja, akanunua nyingine, akajifunza kupima dawa ya kulishia mimea kwa kijiko cha chai kama anayetengeneza maziwa ya mtoto mchanga. Mtaa ulicheka. Mjomba wake, Ataa Sowah, mdogo wake Awo Amanua na mkuu wa nyumba ile, alisimama akayaangalia yale mabomba, mikono nyuma.

"Kitu kisichokanyaga ardhi hakina kwao," alisema. "Wazee wako chini huko. Watakijuaje?"

"Ataa, wazee watakijua kwa harufu," Odarley alimjibu.

Na zilipozaa, zilinukia kweli. Awo Amanua alikula. Shavu lake la kushoto likarudi kujaa. Kwa miezi ile Odarley aliamini, na nani angemlaumu, kwamba amekigeuza kifo kikapita nyumba ya jirani.

Sasa alipiga magoti kando ya pipa. Pampu ilikuwa kimya. Akaugusa waya, umeme ulikuwepo. Akafunua kifuniko, na juu ya maji akaona utando wa mafuta ukimetameta, wa rangi ya dhahabu.

Hakufikiri mara mbili. Mtu mwenye uchungu haendi mbali kumtafuta mwenye kosa, humchukua wa karibu. Wifi yake Kwarley, mke wa kaka yake anayeendesha malori ya masafa marefu, alikuwa msusi. Alioshea wateja nywele palepale uani, na tangu mabomba yalipowekwa hakuacha kulalamika kwamba yamemlia nafasi na yanamlia umeme.

"Kwarley! Toka nje! Toka uone ulichofanya!"

Kwarley alitoka na kilemba cha kulalia kichwani, macho yamevimba kwa kilio cha alfajiri. "Wifi, hata hatujasalimiana. Kuna nini?"

"Umemwaga mafuta yako ya nywele kwenye maji yangu!"

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine hapa ana chuki na pipa hili? Si ulisema utalipiga teke? Ulilisema hapa, nimesimama hapa!"

"Nilisema, ndiyo. Nimesema mengi. Nilisema pia nitamwacha kaka yako, mbona bado nampikia?" Kwarley alifunga kitenge vizuri, akaweka mikono kiunoni. "Mafuta yangu? Wewe unajua kopo moja la yale mafuta ni bei gani siku hizi? Nimwagie pilipili? Zina nywele? Pilipili nisiyoila itaniwashia nini mimi!"

"Unamuua mama yangu!"

Nyumba ya pili waliokuwa wanaanza kusalimiana waliacha. Kusema neno kama lile siku ya Homowo, siku ambayo hata watu walioshitakiana hula sahani moja, ni kuomba balaa kwa jina lake. Odarley alilijua hilo, na alitamani neno lirudi, lakini lilikuwa limeshatoka.

Kwarley alisogea, akatumbukiza mkono pipani, akautoa, akanusa vidole. Kisha akavisogeza puani kwa Odarley.

"Nusa."

Odarley alinusa.

"Hayo ni mawese, mama. Lini umeniona namsuka mtu kwa mawese?"

Akainama tena, akaivuta pampu kwa waya wake, akaipindua. Mdomo wa pampu ulikuwa umezibwa na madonge ya unga wa mahindi, ya manjano, laini, na katikati yake umekwama mwiba wa samaki. Walitazamana. Ilikuwa kpokpoi, chakula cha sikukuu. Na siku ya Homowo ni mkuu wa nyumba peke yake anayezunguka na bakuli la kpokpoi na mchuzi wa mawese, akiwamwagia wafu sehemu yao.

"Jana asubuhi," Kwarley alisema polepole. "Alizunguka jana asubuhi."

Jana asubuhi. Odarley alihesabu saa. Siku nzima na usiku kucha mizizi ilikaa kwenye mabomba makavu, wakati yeye anawapakulia wageni, anacheka, anasifiwa kwa pilipili yake iliyowatoa watu machozi. Zamani angeusikia ukimya wa pampu akiwa usingizini. Jana ngoma zilikuwa zinalia mpaka vyombo vinatikisika.

"Tuoshe," alisema. "Tuoshe mizizi. Labda bado."

Alifungua bomba la serikali, likakohoa hewa. Kwarley alimtazama kidogo. Kisha akaingia ndani, akaburuta pipa lake la maji, yale aliyoyahifadhi kwa wateja wa wiki ya sikukuu, akalileta mpaka kwenye fremu.

"Wifi, lile neno..." Odarley alianza.

"Osha kwanza. Utaniomba msamaha kwa kitu cha kutafuna, si kwa maneno."

Wakaosha. Walichomoa mche mmoja mmoja na kuutumbukiza kwenye maji safi, wakiichambua mizizi kwa vidole kama nywele za mtoto. Mizizi iliyokuwa myeupe ilikuwa imegeuka ya kahawia, na mawese yalikuwa yameganda juu yake. Waliposugua, ngozi ya mizizi ilibambuka ikabaki mikononi. Odarley aliizibua pampu, akaiwasha tena, akairudisha miche, akapepea majani kwa kitambaa, akayanyunyizia maji, akayasemesha. Alimwomba Mungu wa kanisani, halafu akawaomba na wale wengine, kwa sababu anayezama haulizi kamba ni ya nani. Jua lilipanda. Majani hayakuinuka.

Ingekuwa heri kama zingekuwepo pilipili za kuchuma. Lakini Odarley alizichuma zote kubwa Ijumaa, kwa fahari, ili ukoo mzima uonje, na jana zililiwa zote. Zilizobaki zilikuwa vijitunda kama punje za maharage, bila harufu. Isipokuwa moja. Kwenye mche wa mwanzo, ambao aliufunga uzi mwekundu, alikuwa ameacha tunda moja liive kabisa ili atoe mbegu, kwa kuwa mbegu zote za mwanzo alikwisha kuziotesha. Tunda moja lina mbegu za kutosha mtaa mzima, alijiambia Ijumaa ile. Lilikuwa limeanza kuiva upande mmoja, rangi ya chungwa. Alilishika kwenye kiganja bila kulikata.

Ataa Sowah aliingia getini akiwa na kitambaa chekundu cha msiba begani, ametoka kulia na wenzake. Alipoona fremu alisimama.

"Ni wewe, Ataa," Odarley alisema. Hakupiga kelele, sauti ilikuwa imekwisha. "Umemwaga chakula kwenye pipa langu."

"Nilimwaga."

"Kwa nini? Ulizichukia kiasi hicho? Kwa kuwa hazina kwao?"

Mzee alikaa kwenye benchi la wateja wa Kwarley. Alikuwa mtu mkubwa, na pale benchini alionekana amepungua.

"Nisikilize, mwanangu. Nilimwaga mlangoni. Nikamwaga kwenye kizingiti cha chumba alimofia mama yetu Korkoi. Nikaenda kwenye kile kisima kilichofukiwa. Pipa nililipita, sikuwa na habari nalo. Mara nikasikia kishindo. Amanua yuko dirishani, anagonga ukingo kwa ule mkono wake mzima. Nikamuuliza, dada, unataka maji? Anagonga. Unataka kulala? Anagonga. Ananionyesha kidole. Nikasogea hapa, nikauliza, hapa? Akaacha kugonga."

"Awo?"

"Nikamwaga kidogo, nikaondoka. Akagonga tena. Nikarudi, nikamwaga bakuli lote. Ndipo akatulia." Alijifuta uso kwa kile kitambaa chekundu. "Tangu augue hajaniomba kitu, Odarley. Hata maji. Dada yangu ananiomba jambo moja, mimi nimnyime? Nilidhani anataka mama yetu aje ale kwenye pilipili yake. Nikasema basi, amezikubali na mimi nizikubali. Sikujua kama chombo kile hakili chakula cha watu."

Kama angekuwa amefanya kwa ubaya, Odarley angekuwa na pa kuipeleka hasira yake. Sasa ilizunguka ikakosa mlango, ikamrudia. Akageuka akaingia chumbani.

Awo Amanua alikuwa kitini, amemkabili. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa ameona kila kitu: ugomvi, kuoshwa kwa mizizi, kila kitu.

"Ni wewe, Awo?"

Jicho la kushoto lilimtazama bila kupepesa.

"Unajua nilivyohangaika na zile pilipili? Unajua? Nimeacha kulala! Nimechekwa na kila mpita njia!" Na hapo, kwa muda mfupi, Odarley alimchukia mama yake. Alimchukia kama unavyomchukia mtu unayempa kamba naye anaiachia. Chuki ikapita, ikaacha woga mtupu, kwa sababu alikumbuka kwamba jana Awo hakula. Meza ilikuwa na pilipili zile zile, mbichi, zinanukia nyumba nzima, na Awo hakufungua mdomo. Odarley alisema amechoka na wageni. Ndivyo alivyowaambia watu, na ndivyo alivyojiambia.

"Utakula sasa," alisema. "Utakula, nasema."

Alirudi uani. Alisimama mbele ya ule mche wenye uzi mwekundu. Kama lingekaa dirishani pengine tunda lingemalizia kuiva lenyewe, na pengine mbegu zingeota, na baada ya miezi pangekuwa na pilipili. Lakini mama hakuwa na miezi. Alikuwa na leo. Odarley alilikata.

"Wifi," Kwarley alimwita kwa sauti ya chini, "hiyo si ndiyo ya mbegu?"

"Ndiyo."

Alilipasua. Mbegu zilikuwa nyeupe, laini, bapa, maji matupu. Zingeoza kabla ya kuota. Akazitia zote kwenye bakuli la udongo pamoja na nyama ya tunda, na kitunguu, na chumvi, akasaga. Harufu ikapanda. Ilikuwa ile ile, ya shamba la nyuma ya mji asubuhi baada ya mvua, Naa Korkoi ameinama na kapu mgongoni. Ataa Sowah, kwenye benchi, alifumba macho.

Odarley alikaa kwenye kigoda mbele ya mama yake, bakuli mapajani. Akafungua kenkey kwenye maganda yake, akamega tonge dogo la mtoto, akalichovya.

"Awo. Hii hapa. Ni ya mwisho. Tafadhali."

Mkono wa kushoto wa Awo Amanua ulinyanyuka. Ukamshika Odarley kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hakujua bado imo mle. Odarley akafurahi, alidhani unausogeza wake mdomoni kwa mama. Lakini mkono uliugeuza mkono wake. Uligeuza polepole, tonge likamtazama yeye mwenyewe, likaja mpaka midomoni pake.

"Hapana, Awo. Ni yako. Mimi nimekula."

Mkono ulisukuma.

"Mama, usinifanyie hivi."

Awo Amanua akaachama kidogo, upande ule ulio hai, kama wanavyoachama kina mama wote duniani wanapomlisha mtoto mbishi, ili mtoto aige. Odarley alikuwa na miaka hamsini na kitu. Aliiga. Tonge likaingia.

Pilipili ilimwasha ulimi, ikapanda puani, ikamtoa machozi, na machozi mengine yakapata njia nyuma yake. Mama alimtazama akitafuna. Alimtazama mpaka alipomeza. Kisha akagonga ukingo wa bakuli kwa kidole: lingine. Odarley alimega lingine, akajaribu tena kulipeleka kule, na mkono ukaligeuza tena. Sasa alielewa kwa nini chakula kilimwagwa pipani: Awo alikuwa amemwita mama yake, Naa Korkoi, aje ale kisha amchukue waende pamoja. Akala. Kila aliposita, kidole kiligonga. Alilishwa hivyo bakuli zima, tonge kwa tonge, na mwisho mama akautumia ule mkono mmoja kumfuta mafuta kidevuni.

Nje watu walikuwa wamefika. Sauti ya Ataa Sowah iliwatangulia mlangoni, imekauka kwa kilio, ikitoa salamu ya siku ile kama inavyotolewa kila nyumba.

"Ngoo wala, ngoo wala! Pokeeni uhai!"

Ilikuwa zamu ya Odarley kuitikia. Alifungua mdomo, lakini ulikuwa unawaka moto, na Awo Amanua alikuwa amekwisha kugeuza uso ukutani.